Redio ya Uingereza wakati wa vita: sifa ianzie kwa mafundi mitambo

Redio ya Vita Kuu ya Pili ikitajwa, watu hukimbilia hotuba za Churchill. Mimi nasema sifa ya kwanza iende kwa mafundi mitambo na wapanga ratiba wa BBC, waliohakikisha kwamba Mwingereza akifungua redio anasikia kitu, hata kama anasikia kwa shida.

Tarehe 1 Septemba 1939 vipindi vya taifa na vya mikoa viliunganishwa kuwa idhaa moja, Home Service, na televisheni ikazimwa. Hofu ilikuwa marubani wa Ujerumani. Ndege yenye kifaa cha kutambua mwelekeo wa mawimbi hupima mwelekeo wa mnara wa redio ambao mahali pake panajulikana, kisha wa mnara wa pili. Mistari hiyo miwili ikikatana kwenye ramani, rubani anajua alipo. Kwa hiyo minara kadhaa iliyo mbalimbali ilirusha kipindi kilekile kwenye wimbi lilelile, kundi moja wimbi la urefu wa mita 391, jingine la mita 449. Kifaa cha rubani kilichanganyikiwa mpaka aukaribie mnara mmojawapo, na hapo kikosi cha ndege za ulinzi kiliamuru mnara huo uzimwe.

Aliyelipa gharama ni msikilizaji. Mnara wa jirani ukizimwa, alibaki na wimbi dhaifu la mbali. Usiku hali ilizidi kuwa mbaya, kwa sababu mawimbi yanayorudishwa na anga ya juu hugongana na yale yanayopita chini, sauti ikapanda, ikashuka, maneno yakavurugika. Watu walizoea kwamba redio ikififia ghafla, huenda ndege ziko njiani. Baadaye mitambo midogo iliwekwa mijini kwenye wimbi la mita 203.5, yenye nguvu ndogo mno kumwongoza rubani aliye mbali lakini ya kutosha nyumba za karibu. Kukubali sauti mbovu ili isikatike kabisa ulikuwa uamuzi sahihi. Kimya kingewapeleka watu moja kwa moja kwa William Joyce, aliyekuwa akiwatangazia propaganda ya Wanazi kwa Kiingereza kutoka Ujerumani.

Vipindi vyenyewe vilianza vibaya. Majuma ya mwanzo yalijaa matangazo ya serikali, santuri na kinanda cha Sandy MacPherson, tena na tena, na wasikilizaji walilalamika kwa haki. Forces Programme ilipoanzishwa mapema 1940 kwa ajili ya wanajeshi, raia nao waliifuata kwa wingi.

Tazama siku moja ya mwishoni mwa 1940. Saa 1 asubuhi habari, saa 2 habari tena, kisha saa 2:15 dakika 5 za Kitchen Front: mapishi ya kinachopatikana kwa mgawo, viazi na karoti kwa wingi. Utabiri wa hali ya hewa haukuwepo na haukurudi mpaka vita ya Ulaya ilipokwisha, maana ungemfaa adui pia.

Kipindi ninachokiheshimu zaidi ni Music While You Work, kilichoanza Juni 1940, nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri kwa wafanyakazi wa viwandani. Muziki wa kawaida haufai humo. Sehemu laini humezwa na mashine, na wimbo wa polepole huleta usingizi. Bendi zilitakiwa kupiga nyimbo zinazojulikana, mfululizo, kwa kasi na ukubwa wa sauti usiobadilika sana. Wimbo wa kupigia makofi uliondolewa, kwa sababu wafanyakazi waligonga vifaa vyao kufuatisha mapigo.

Saa 3 usiku kengele ya Big Ben, saa kubwa ya Bunge la London, kisha habari. Tangu katikati ya 1940 msomaji alijitaja jina, ili Wajerumani wakiivamia nchi na kuteka mtambo, sauti ngeni ijulikane. Usiku wa 15 Oktoba 1940 bomu lililoangukia Broadcasting House, makao makuu ya BBC, London, lililipuka msomaji habari Bruce Belfrage akiwa hewani. Alisita kidogo, akaendelea kusoma. Wafanyakazi 7 walikufa.

Lakini yote hayo hayakumfikia asiye na betri, na nyumba nyingi za vijijini hazikuwa na umeme. Redio ya valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyokuza mawimbi ya redio, ilihitaji betri ya asidi ya volti 2 ya kuwashia valvu, ambayo ilipelekwa dukani kuchajiwa, na betri kavu ya takriban volti 120. Betri ya asidi ikiachwa tupu, bamba zake hushika ukoko mweupe na haishiki chaji tena. Waya wa volti 120 ukigusishwa kimakosa mahali pa volti 2, valvu zote huungua mara moja, na valvu za akiba zilikuwa adimu. Redio ya bei nafuu ya raia, yenye masafa ya kati peke yake na toleo lake la betri, ilitoka 1944. Ilistahili kutoka miaka 3 kabla ya hapo.