Northern Bypass na Lubigi: nani alimvamia mwenzake?

Dereva wa lori anayetoka Mombasa na kontena la Kigali au Goma hana haja ya kuiona Kampala Road. Akifika Bweyogerere, karibu na uwanja wa Namboole, anakata kulia, anaingia Northern Bypass, barabara inayolizunguka jiji la Kampala kwa kaskazini, anazipita Naalya, Kisaasi, Kalerwe, Bwaise na Namungoona, na baada ya kilomita 21 hivi anatokea Busega, ameishika njia ya Masaka. Zamani ilimbidi ajipenyeze katikati ya jiji, ubavu kwa ubavu na teksi na bodaboda.

Kwa hilo barabara hii haina wa kuibeza. Ilianza kujengwa 2004 kwa fedha za Umoja wa Ulaya na serikali ya Uganda, ikafunguliwa 2009. Kosa la kuifanya nyembamba, huku sehemu kubwa ikiwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, limekwisha kulipiwa: upanuzi ulianza 2014 ukachukua miaka mingi. Ugomvi wangu uko upande wa magharibi, inapokatiza kinamasi cha Lubigi.

Ukisimama pale ukingoni unaona mafunjo yanayompita mtu kimo, kando yake matuta ya magimbi, halafu ghafla paa za mabati juu ya kifusi cha maramu. Kifusi hicho hakikuota. Kililetwa kwa lori, tripu baada ya tripu, mpaka tope likawa kiwanja chenye bei.

Juni 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, iliingia Lubigi na matingatinga ikabomoa nyumba. Hoja yake ni nzito. Maji ya mvua ya sehemu kubwa ya kaskazini mwa Kampala huteremka kwa mtaro wa Nsooba hadi Lubigi, na ukikijaza kinamasi, maji yatapanda tu, kwanza Bwaise, kisha juu ya lami yenyewe. Tena Katiba ya 1995 inasema ardhi oevu inashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Aliyemwaga maramu pale alijua anachofanya, au aliyemuuzia alijua.

Lakini waliobomolewa nao wana neno, na sioni jinsi ya kulipuuza. Nani alitangulia kujaza Lubigi? Tuta la baipasi limepita humo humo. Mtambo wa kusafisha majitaka uliozinduliwa 2014 umo humo humo. Barabara ya kulipia ya Entebbe, iliyofunguliwa 2018, nayo inaanzia Busega. Kinamasi huvutia wahandisi kwa sababu ile ile inayomvutia maskini: hakina watu wengi wa kulipwa fidia. Na barabara ikishapita, kiwanja cha tope kinageuka kuwa kiwanja cha kando ya lami.

Mtu atasema barabara ina kalvati na ni mali ya umma, nyumba haina kalvati na ni ya mtu binafsi. Kweli, na ndiyo maana kisheria naegemea upande wa NEMA. Ila kalvati hupitisha maji, haiyanyonyi kama mafunjo, na sijaona mafunjo ya tuta lile yakirudishwa popote.

Sasa barabara kuu nyingine inajengwa, ya kwenda Mpigi. Inaanzia Busega.