Nani Atauimba Wimbo Mtunzi Akipumzika?

Linapotajwa wazo la waimbaji watunzi wa kike wa nyimbo za asili wa Arusha na Moshi kuungana wawe bendi moja ya kuzunguka mikoani, wapenzi wengi wa muziki hujibu haraka kwamba hiyo ni njia ya watu walioshindwa kusimama peke yao. Jibu hilo lina ukweli wake, nami nitaufikia, lakini linampima mtunzi wa gitaa kavu, lisilo la umeme, kwa kipimo cha msanii wa Bongo Fleva, ambaye anaweza kupanda jukwaani akiwa na midundo yake ndani ya flashi na bado watu wakaridhika. Wimbo wa asili hauendi hivyo, kwa kuwa unataka mtu wa kuitikia.

Tuangalie jinsi mwimbaji wa aina hii anavyoishi hapa kaskazini. Kazi yake kubwa iko kwenye hoteli na migahawa ya watalii, nayo huja kwa wingi kati ya Juni na Oktoba, kisha hukauka wakati wa masika ya Aprili na Mei. Mwenye hoteli anataka mtu mmoja na gitaa lake, kwa sababu ndiyo bei anayoimudu, na anataka nyimbo ambazo mgeni amekwisha kuzisikia mahali. Tungo za mwimbaji mwenyewe, za Kimeru, Kichagga au Kipare, hupata nafasi mwishoni, meza zikiwa zimeanza kuondoka. Akiamua kuandaa shoo yake kwa ajili ya watu wa nyumbani, inambidi akodi vyombo, mpiga ngoma, mpiga besi na gari la kuwabeba wote, na kiingilio cha mlangoni hakifikii hata nusu ya gharama hizo. Mwishowe anawaacha wapigaji na kuimbia pleibeki. Huo ndio usolo, yaani kuimba peke yake, tunaoutetea kwa jina la uhuru wa msanii.

Watunzi wanne wakiungana, hesabu hubadilika, kwa kuwa kila mmoja ni mpigaji wa mwenzake: aliyeongoza wimbo huu kwa gitaa anashika kayamba katika wimbo unaofuata, na wa zeze anaimba sauti ya pili aliyoizoea tangu kwaya ya Kilutheri. Gari linakuwa moja, na hakuna anayerudi peke yake usiku na gitaa mgongoni, jambo ambalo wanaume wanaopanga ratiba za shoo mara nyingi hawalifikirii kabisa. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, hadi Nairobi 270 hivi, na hadi Dar es Salaam zaidi ya 600. Bendi ya huku ina hadhira ya nchi mbili mlangoni mwake, ambayo mtu mmoja mmoja hana uwezo wa kuifuata.

Lakini faida ninayoiona kubwa kuliko zote haihusu nauli. Mwimbaji wa kike anapojifungua, au mama yake mzazi anapougua na yeye ndiye anayetazamiwa kuuguza, kazi yake husimama siku hiyo hiyo, na nyimbo zake husimama nayo, kwa kuwa hakuna mwingine anayezijua. Miaka miwili ikipita, promota amekwisha kufuta namba yake. Katika bendi ya watunzi, wenzake wamekwisha kujifunza wimbo ule mstari kwa mstari. Aliyekulia Vunjo amelazimika kuyazoea matamshi ya Kimachame, Kichagga cha upande mwingine, ili aitikie bila kuharibu maana, na kazi hiyo ya wiki nyingi ndiyo inayoufanya wimbo uendelee kuimbwa Moshi, Same na Korogwe wakati mwenyewe yuko nyumbani na mtoto. Akirudi, anakuta watu wanaufahamu. Sijui njia nyingine inayompa mtunzi wa kike wa hapa kwetu nafasi ya kupumzika bila kusahaulika.

Mfano wa mbali unaonyesha kwamba hilo linawezekana. Mwaka 2002, mjini Winnipeg nchini Kanada, waimbaji watunzi watatu, kila mmoja akiwa na kazi yake, waliimba pamoja katika duka la magitaa. Ndipo ilipozaliwa The Wailin' Jennys. Nafasi moja ilibadilisha mtu mara mbili, mwaka 2004 na 2007, na bado bendi ikatwaa tuzo za Juno, tuzo za muziki za Kanada, mwaka 2005 na 2012. Hapa Tanzania, Tausi, bendi ya wanawake ya Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 2009, imewaweka wanawake kwenye vyombo vya taarabu vilivyozoeleka mikononi mwa wanaume, na The Zawose Queens, Pendo na Leah wa ukoo wa Hukwe Zawose, mwanamuziki wa asili wa Kigogo, walitoa albamu yao mwaka 2024 baada ya miaka mingi ya kuwa nyuma ya waimbaji wa kiume.

Wanaopinga nao wana hoja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikwenda Bombay, India, kurekodi mwaka 1928 akiwa na wenzake, lakini jina lililobaki vinywani mwa watu ni lake. Kundi huweza kumbeba mmoja na kuwafunika wengine. Kinyume chake pia hutokea: Les Amazones d'Afrique, kundi la waimbaji wanawake lililoanzishwa Bamako, Mali, mwaka 2014, limebadilisha waimbaji mara nyingi huku jina likibaki, na mtunzi chipukizi ana haki ya kuogopa kumezwa namna hiyo. Ipo pia hatari ya kuwa bendi ya kuitwa tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, na kusahauliwa miezi mingine yote, na hili waandaaji wetu wanalifanya bila aibu.

Hofu hizo, hata hivyo, zinahusu mapatano zaidi kuliko muungano wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo wimbo aliokuja nao kwenye bendi unabaki wake. Yanayohitaji kuandikwa kabla ya safari ya kwanza ni mengine: jina la bendi ni mali ya nani mmoja akiondoka, wimbo uliotungwa na wanne garini unagawanywaje, na aliye katika mapumziko ya uzazi anapata fungu gani wimbo wake unapoimbwa na wenzake. Ratiba nayo iandikwe. Aprili na Mei, hoteli zikiwa tupu, iwe miezi ya bendi, na kuanzia Juni kila mmoja awe huru kurudi kwenye kazi yake binafsi, bila kuomba ruhusa ya mtu.