Kiungo asiyefunga: hesabu ya mkabaji kwenye FPL

FPL ni Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambao unanunua kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa bajeti maalumu, na wanachofanya uwanjani kinakuletea pointi. Msimu wa 2016/17 mini-ligi yetu, yaani kundi letu la kushindana, ilikuwa na watu kumi na wanne, karibu wote Wakenya, na ni mmoja tu aliyekuwa na Victor Wanyama, kiungo wa Tottenham, kikosini. Ungetuona siku ya mechi ungeapa sote tunaye. Kila alipompokonya mtu mpira, kibanda kililipuka. Mei 14, 2017, alipopiga kichwa dakika ya sita dhidi ya Manchester United, mechi ya mwisho kuchezwa White Hart Lane, hata muuza chai aliacha birika akaja kuangalia marudio. Halafu simu zikatolewa mifukoni, na pointi zikaonekana zimekwenda kwa yule mmoja tuliyekuwa tukimcheka tangu Agosti kwamba anapanga timu kwa uzalendo.

Kumcheka kulikuwa na msingi. Wanyama alicheza mechi 36 za ligi msimu ule, akafunga mabao 4. Kwa kiungo hizo ni pointi 20, tano kwa kila bao. Zilizobaki nyingi zilikuwa mbili mbili za kukamilisha saa nzima uwanjani, na moja moja Tottenham ikitoka bila kuruhusu bao. Kazi iliyomfanya apangwe kila wiki, ile ya kuwavunja watu pumzi katikati ya uwanja, haikuwa na safu yake kwenye mchezo wetu.

Tangu msimu wa 2025/26 inayo. Beki akifikisha vitendo 10 vya ulinzi (kupora mpira, kukata pasi, kuzuia shuti, kuondosha hatari) kwenye mechi moja anapata pointi 2. Kiungo na mshambuliaji wanatakiwa wafikishe 12, ila wao wanahesabiwa pia mipira iliyopotea ambayo wameirejesha. Zaidi ya 2 kwa mechi hupati, hata ufikishe 30. Sheria yenyewe kila mtu anaijua. Kinachonishangaza ni jinsi tunavyoendelea kumpita mkabaji sokoni kana kwamba bado ni 2016. Ukimtaja kwenye grupu, jibu ni lile lile: "Pointi mbili za nini? Mimi nataka mtu wa kufunga."

Nianze na hizo mbili, maana ndizo zinazodharauliwa. Mchukue N'Golo Kanté wa Leicester, msimu wa ubingwa, 2015/16. Alipora mipira mara 175 na kukata pasi mara 156 katika mechi 37, na akafunga bao 1. Jumlisha: 331. Gawanya kwa mechi zake: karibu 9 kila mechi, na hapo hujagusa mashuti aliyoyazuia, hatari alizoziondosha, wala mipira aliyoiokota, ambayo kwa kiungo wa aina yake ndiyo mingi. Zimebaki tatu tu kufika 12. Tusiwe wakarimu, tuseme angefika mara 25 kati ya 37. Hizo ni pointi 50, sawa na mabao 10 ya kiungo. Mtu aliyefunga bao moja msimu mzima! Riyad Mahrez, mwenzake kikosini, aliyechaguliwa mchezaji bora wa mwaka huo na wachezaji wenzake, alifunga 17.

Narudia tena kwa sababu nimeona watu wakiisoma hesabu hii na kuipita. Kiungo anayefika kizingiti mara 25 amefunga mabao kumi kwa mujibu wa mchezo wetu. Ukiambiwa kuna kiungo wa bei ya chini atakayefunga mabao kumi, na kwamba unaweza kumjua kabla ya ligi kuanza, utamwacha?

Hilo la kumjua mapema ndilo lenye uzito kwangu. Mabao yana tabia ya kugeuka: winga anafunga saba kabla ya Krismasi, halafu anakaa hadi Machi mikono mitupu, mashuti yake yakigonga miamba. Kupora mpira ni kazi ya kila siku, mithili ya mtu wa lindo. João Palhinha aliongoza ligi kwa kupora mipira akiwa Fulham msimu wa 2022/23, akaongoza tena 2023/24. Hakuna aliyehitaji ndoto kumtabiri mara ya pili. Kocha akimpanga mtu kama huyo, anampanga kwa sababu hiyo, na hatamtoa dakika ya 65 kumwingiza kijana mwenye mbio kama anavyofanyiwa winga.

Kuna jambo la pili ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha. Ratiba ya mkabaji inasomwa kinyume. Sisi tumezoea kutafuta wiki ambayo timu ya mchezaji wetu inakutana na kibonde. Kwa mkabaji, hasa wa timu ya katikati ya msimamo, kibonde ni hasara: timu yake inakaa na mpira, kazi inapungua, anaishia vitendo saba. Mpeleke Etihad kwa Manchester City au Anfield kwa Liverpool, wakimbizwe dakika tisini, hapo ndipo anapokula. Maana yake, pointi zake zinakuja wiki zile ambazo wenzake kikosini wanalala njaa. Na wakifungwa 4-0 je? Beki wa timu hiyo aliyefikisha kizingiti chake ana 2 za kucheza, 2 za ulinzi, anakatwa 2 za mabao yaliyoingia: amebaki na 2. Kiungo hakatwi kwa mabao. Anatoka na 4 zake kamili kwenye mechi ambayo mashabiki wa timu yake waliondoka uwanjani dakika ya 70.

Sasa upande wa pili, na una watu wenye akili zao.

Hoja yao nzito ni ule ukuta wa 12. Sheria haijui "karibu". Vitendo 11 ni sifuri. Kwa hiyo wastani, ambao ndio takwimu tunayoipata kirahisi, unadanganya. Chukua wachezaji wawili, mechi nne. Wa kwanza ana 12, 6, 13 na 5: wastani wake ni 9, na amepata pointi 4. Wa pili ana 11, 10, 11 na 11: wastani unakaribia 11, na hana kitu. Anayenunua kwa wastani atamchukua wa pili na kulala akihesabu hasara. Hapa nakubaliana nao bila masharti. Swali la kuuliza ni amevuka mara ngapi, na jibu lake unalipata kwa kufungua mechi moja baada ya nyingine, kazi ambayo wengi wetu hatuifanyi Ijumaa usiku dedilaini ya kupanga kikosi ikigonga mlango. Nimeifanyia uvivu kazi hiyo mimi mwenyewe, nikamiliki "wastani mzuri" kwa wiki sita. Sitaki kukumbuka.

Hoja ya pili: nafasi. Uwanjani unaweka viungo watano tu, na kiungo ndiye anayelipwa vizuri kwa bao, 5 dhidi ya 4 za mshambuliaji. Ukimjaza mkabaji hapo umefunga mlango wa mtu anayeweza kukuletea 15 kwa jioni moja. Mkabaji hakuletei 15. Siku yake kubwa ni 4, akibahatika na klinshiti, yaani timu yake isiruhusu bao, ni 5. Kama unataka vitendo vya ulinzi, wanasema, vitafute kwa mabeki, ambako kizingiti ni 10 na klinshiti inalipa 4. Beki wa kati kama James Tarkowski wa Everton anaokoa mipira ya juu kutwa nzima. Kwa nini uipoteze nafasi ya kiungo?

Hiyo ya Tarkowski ni kweli, na mtu mwenye nafasi moja tu ya kuweka mkabaji aanze na beki. Ila hakuna aliyesema nafasi ni moja. Tuitazame ile ya kiungo kwa namba, nazikadiria, kila mtu abadilishe apendavyo. Winga wa milioni 8 anacheza mechi 34, anafunga 10, anatoa pasi 6 za mabao: 68 za kucheza, 50 za mabao na 18 za pasi, jumla 136. Mkabaji wa milioni 5.5 anacheza 36, anavuka kizingiti mara 20, anabahatisha bao 1 na pasi 2 za mabao, anakula kadi 7 za njano: 72 za kucheza, 40 za ulinzi, 5 za bao na 6 za pasi, toa 7 za kadi, jumla 116. Winga ana ziada ya 20, na bonasi, zile pointi za ziada za waliong'ara kwenye mechi, zitamwongezea, sikatai. Lakini 20 kwa wiki 38 ni nusu pointi kwa wiki, na mfukoni umebaki na milioni 2.5. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mshambuliaji wa 6.5 na wa 9.

Kuna watakaosema pointi kwa kila milioni ni kipimo cha wabahili, kwa kuwa mwisho wa msimu hakuna anayetuzwa kwa chenji. Sawa. Lakini pesa hii tunaifanyia kazi gani? Msimu wa 2025/26 Salah alianza akiuzwa 14.5 na Haaland 14. Ukiwachukua wote wawili umetumia 28.5, umebaki na 71.5 kati ya bajeti ya milioni 100, kwa wachezaji kumi na watatu. Gawanya: 5.5 kamili kwa kila mmoja. Sikuichonga hesabu hii, ilinitokea hivyo hivyo nikiwa ndani ya matatu. Mtu wa 5.5, ambaye tunamtazama kama wa kujazia benchi, ndiye wastani halisi wa kikosi cha yeyote anayetaka manahodha wawili wa bei mbaya (nahodha wa kikosi chako pointi zake huhesabiwa mara mbili). Kwa hiyo mbele ya huyo mkabaji hasimami winga wa 8. Anasimama winga mwingine wa 5.5, na huyo mnamjua: anaanza mechi moja, anaingia dakika ya 78 mechi inayofuata, na siku unayomuuza ndipo anafunga.

Mpinzani wangu bado ana karata moja, na ni nzuri. Mahrez yule wa 2015/16 alianza msimu akiuzwa 5.5, akamaliza na pointi 240. Kwa sheria za sasa Kanté angekuwa na 74 za kucheza, 5 za bao, 50 za ulinzi, na hata ukimpa zote 15 za mechi ambazo Leicester hawakuruhusu bao, unafika 144. Timu ile ile, msimu ule ule, pengo la karibu pointi mia. Usimtafute Kanté anayefuata, wanasema. Mtafute Mahrez anayefuata.

Tatizo ni kwamba Agosti 2015 hakuna aliyekuwa akimtafuta. Tulimwona Septemba, wengine Oktoba, wengine walipoona bei imepanda wakagoma kwa kiburi. Mahrez wa 5.5 haji kila msimu, na kila msimu tunachoma uhamisho kumi na ushee, zile nafasi za kubadilisha wachezaji, tukimkimbiza. Mkabaji unamweka siku ya kwanza na kumsahau, na uhamisho uliookoa ndio utakaokuwezesha kumdaka Mahrez siku atakayojitokeza. Sijui kwa nini tunawaweka kama watu wanaogombana.

Basi mimi ninamnunua, lakini kwa kipimo. Mmoja, si watatu. Wa nne au wa tano kwenye safu ya viungo. Bei isizidi 5.5, kwa sababu ukifika 6.5 unalipia jina na klabu. Namtafuta kwenye timu isiyomiliki sana mpira, na namwanzisha hasa wiki ambazo kila mtu anaogopa ratiba. Na kama uko nyuma kwa pointi 80 mwezi wa Aprili, achana naye. Pointi nne nne hazikufikishi popote wakati huo. Tafuta kichaa mmoja anayepiga penalti.

Kinachonitia hofu kuhusu mkabaji ni kadi, na sijaona mtu wa upande wowote akiipa nafasi yake. Kadi ya njano inakula nusu ya zile mbili. Palhinha alikusanya 14 msimu wa 2022/23. Kwenye ligi, kadi tano ndani ya mechi 19 za kwanza ni kukosa mechi moja, kumi ndani ya 32 ni kukosa mbili. Moisés Caicedo, ambaye Chelsea walimtoa Brighton mwaka 2023 kwa dau linaloweza kufika pauni milioni 115 na ambaye msimu wa 2025/26 kwenye mchezo wetu alikuwa wa bei ya mabaki, alipewa nyekundu dhidi ya Arsenal Novemba 30, 2025, kabla ya mapumziko. Nyekundu ni toa 3, halafu, kwa nyekundu ya moja kwa moja ya rafu mbaya kama ile, mechi tatu nje. Zile pointi za kukusanya polepole za mwezi mzima zilikwenda kwa mguu mmoja uliochelewa.

Kwa hiyo nikifungua ukurasa wake, kabla ya kuhesabu mipira naangalia kadi. Mwenye nne mwezi wa Novemba simgusi. Namsubiri aile ya tano, akae nje wiki yake, wamuuze wenye haraka, na mimi namchukua wiki anayorudi, hasa ikiwa anarudi Etihad.