Simu moja, wanachama wawili

Mama mkwe na mkaza mwana wake wanakaa nyumba moja Makorora, na simu ni moja, ya mkaza mwana, maana ile nyingine ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Mama mkwe ni mwanachama wa siku nyingi wa kikoba nilichokitengenezea programu ya michango. Nami, kwa ujanja wa usiku mmoja, nilikuwa nimeifanya namba ya simu iwe ufunguo wa pekee wa mwanachama, yaani kitambulisho kisichoruhusiwa kujirudia.

Jumamosi moja mkaza mwana naye akajiunga. Mweka hazina akajaza fomu, akabofya Hifadhi, skrini ikajibu "Imehifadhiwa". Mgeni akapigiwa makofi. Papo hapo mama mkwe na michango yake ya miezi 8 wakawa hawapo tena. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Sikudhani utampata mwenyeji.

Kosa ni langu, na lina jina: amri ya REPLACE. Ukilisoma haraka unadhani linarekebisha kilichopo. Kumbe MySQL, programu ya kanzidata inayotunza data, ikikuta ufunguo umeshatumika, huifuta rekodi ya zamani, kisha ndipo huingiza mpya. Jedwali la michango nilikuwa nimeliunganisha na la wanachama kwa ON DELETE CASCADE, kwa hiyo mwanachama alipofutwa, michango yake ilimfuata kaburini. Programu haikulalamika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kabla ya hapo nilitumia INSERT IGNORE. Hiyo nayo ina balaa lake: humeza kosa la ufunguo kujirudia pamoja na makosa mengine ambayo ungependa kuyasikia, yote yakageuzwa maonyo ambayo hakuna anayeyasoma. Wapo wanaosema basi tafuta kwanza, usipomkuta ndipo uingize. Sawa, ila karani wawili wakibofya kwa wakati mmoja, wote watatafuta, wote hawatamkuta, wote wataingiza. Ufunguo wa pekee lazima ubaki kwenye kanzidata yenyewe, nawe ulipokee kosa lake (1062 kwa MySQL, 23505 kwa PostgreSQL, kanzidata nyingine) uamue la kufanya.

Kuamua ndiko tunakokukwepa. Tunataka amri moja imalize kila kitu. ON DUPLICATE KEY UPDATE ya MySQL ni nzuri kuliko REPLACE kwa sababu haifuti, lakini huiambii ni ufunguo upi unaouzungumzia. Jedwali likiwa na funguo mbili za pekee, wowote ukigongana, inarekebisha. Ningeitumia siku ile, mama mkwe angeamka na jina la mkaza mwana. PostgreSQL tangu toleo la 9.5, mwaka 2016, ina ON CONFLICT, na ukitaka kurekebisha inakulazimisha utaje mgongano unaoukusudia. Naipendea hapo.

Kuna mahali pa kunyamaza, sikatai. Ujumbe wa malipo ya simu ukiletwa mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika katikati, namba ya muamala ni ile ile, tukio ni lile lile. La pili lipuuze, ON CONFLICT DO NOTHING, maisha yaendelee. Lakini mtu si muamala. Ngamiani kuna majina yanayofanana mpaka jina la babu, na simu huzunguka ndani ya nyumba kama ufunguo wa mlango.

Mweka hazina wetu analijua hilo bila kanzidata. Kaunta buku lake lina wino wa bluu, na pembeni ya majina yaliyofanana ameandika "wa Barabara ya 8", "wa Barabara ya 12". Nilipomweleza yaliyotokea alivua miwani.

"Mwanangu, mimi nikikuta jina limeshaandikwa, naweka kalamu chini, nauliza. Hiyo mashine yako ilimuuliza nani?"

Siku hizi inauliza. Ufunguo wa mwanachama ni namba ya kikoba, simu inaruhusiwa kujirudia, na ikijirudia skrini inamwonyesha karani aliyepo na anayeingia, yeye ndiye anayechagua. Inachelewesha foleni kidogo. Naicheleweshe.

Michango ya mama mkwe tuliirudisha kutoka kwenye lile kaunta buku, mweka hazina akisoma, mimi nikichapa, mpaka ikaadhiniwa magharibi. Tulipofika mwezi wa 6 akanisimamisha kwa kidole.

"Hapo alitoa elfu tano mara mbili, siku moja. Asubuhi yake, jioni ya marehemu mumewe. Usije ukaifuta ya pili."

Nikafungua jedwali la michango kuangalia. Ufunguo wake wa pekee ulikuwa mwanachama na tarehe.