Je, ni watoro? Familia zinazoacha programu za uzito wa watoto

Katika kliniki nyingi, mgonjwa aliyeacha kuhudhuria huitwa mtoro, neno lile lile tunalompa mwanafunzi anayekimbia darasa, na hukumu imo ndani ya neno lenyewe: aliyetoroka ndiye mkosaji. Neno hilo linafaa kutiliwa shaka tunapozungumzia programu za kudhibiti uzito wa watoto, kwa sababu huko utoro si jambo la wachache. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kati ya asilimia 27 na 73 ya familia huacha kabla ya kumaliza. Sehemu ya tofauti hiyo kubwa inatokana na kila programu kuwa na tafsiri yake ya “kuacha”, lakini hata kiwango cha chini kinamaanisha zaidi ya familia moja katika kila nne.

Hoja ya watoa huduma haipaswi kupuuzwa. Matibabu haya, kama mengine, yana dozi. Jopo linaloishauri Marekani kuhusu huduma za kinga lilihitimisha mwaka 2017 kwamba nafuu ya maana hupatikana katika programu zenye angalau saa 26 za kukutana na wataalamu, na chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kilitaja kiwango hicho hicho katika mwongozo wake wa 2023, saa hizo zikigawanywa katika miezi 3 hadi 12. Kwa mtazamo huo, familia iliyoondoka baada ya mara ya tatu haiwezi kusema dawa imeshindwa, kwa kuwa haikuimeza.

Hata hivyo, saa 26 ni hesabu ya kliniki. Tuchukue mzazi aliyepangiwa ratiba ya saa moja kila mara, naye anatumia saa moja kwenda na nyingine kurudi: kwake programu hiyo ni saa 78, karibu wiki mbili nzima za kazi, kabla hatujahesabu kusubiri kwenye benchi, nauli, vipindi vya shule anavyovikosa mtoto na ndugu zake wadogo wanaohitaji mtu wa kubaki nao. Gharama hiyo yote inalipwa kwa ajili ya hali ambayo kwa kawaida haimuumi mtoto leo. Jino linalouma humtoa mzazi kitandani usiku. Hatari ya kisukari cha miaka ijayo haina nguvu hiyo.

Kwa hiyo familia zinapoulizwa kwa nini ziliacha, nyingi hutaja umbali, muda na kazi. Naamini majibu hayo ni ya kweli, ila sidhani kama daima ndiyo yote. “Tumebanwa” ni jibu la heshima, hasa anayeuliza anapokuwa mtumishi wa kliniki ile ile, na ni vigumu mzazi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mtoto alilia njiani baada ya kupimwa mbele ya wenzake, au kwamba yeye mwenyewe, akiwa mnene, alihisi kila swali kuhusu chakula cha nyumbani ni shtaka.

Mizani yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu nadhani hapo ndipo matumaini mengi huvunjika bila sababu. Mtu mzima akipambana na uzito hutarajia kilo zipungue. Mtoto, lakini, anakua. Akibaki na kilo zile zile kwa miezi sita huku akirefuka, uwiano wa uzito wake na urefu wake umeshuka, na kwa watoto wengi hayo ndiyo mafanikio yanayotafutwa. Mzazi ambaye hakuelezwa hivyo siku ya kwanza huiona namba ile ile kila mwezi, huona jasho lake limepotea, na huacha wakati ambapo mambo yanaenda vizuri. Kosa hilo ni la programu, na halihitaji fedha nyingi kulirekebisha.

Upande wa familia nao una sehemu yake, na kuikwepa ni kuwadharau wazazi, kana kwamba hawana uamuzi wowote. Wapo wanaomleta mtoto ili “atengenezwe” yeye peke yake, huku chakula cha nyumbani, muda wa kulala na saa za televisheni vikibaki vilevile. Hili ni zito, kwa kuwa mtafiti Leonard Epstein na wenzake walionyesha mwaka 1990, baada ya kufuatilia watoto kwa miaka 10, kwamba matokeo yalidumu zaidi pale mzazi na mtoto walipotibiwa pamoja. Hapo ndipo penye utata: jambo linaloponya zaidi, yaani mzazi naye kubadilika, ndilo linaloweza kumfukuza mapema zaidi. Aidha, anayemleta mtoto mara nyingi si mpishi wala si mwenye kauli ya mwisho nyumbani. Na kijana wa miaka 14 akikataa kwenda, mzazi anabaki na mabishano ambayo hakuna mwongozo unaoyamaliza.

Suluhisho linalopendekezwa haraka ni kufupisha programu. Ninalitilia shaka: familia zitabaki, lakini zitabaki katika kitu ambacho ushahidi unaonyesha hakitoshi. Afadhali saa zibaki zile zile na safari zipungue, kwa simu za video, vipindi vya jioni au vya shuleni, ingawa simu ya video haiondoi aibu, na kwa baadhi ya familia kuifungulia kamera jiko lao ni aibu mpya. Zipo pia familia zinazoondoka kwa kuwa zimepata zilichokifuata, nazo huandikwa kwenye daftari lile lile la utoro. Programu inayotangaza matokeo ya waliomaliza tu, bila kuwatafuta hao wala wale walioondoka wakiwa wamekasirika, haiwezi kujua kama imewatibu watoto au imechuja tu familia ambazo zingefanikiwa hata bila yenyewe.