Kiraka cha mfalme

Kibonzo kikimponza mchoraji huko nyumbani, kwenye makundi yetu sisi tunaoishi Uingereza hakosi mtu wa kusema: "Huku walimchora mpaka mfalme na hakuna aliyeguswa."

Kuchora walichora. Julai 1792 mchora vibonzo James Gillray alimtoa mwana wa mfalme akichokonoa meno kwa uma, kizibao kimebanwa na kifungo kimoja, nyuma yake chungu cha haja kilichofurika kimekandamiza bili za mchinjaji na mwoka mikate. Mwezi uleule akamgeukia baba mtu, George wa Tatu: anakula yai la kuchemsha, suruali ina kiraka.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Sahani ya shaba hupakwa nta, hufukizwa moshi wa mshumaa hadi iwe nyeusi, kisha mchoraji hukwaruza kwa sindano na kumwagia asidi inayokula shaba palipo wazi. Asidi ikikaa mno, mistari inaungana na uso wa waziri unageuka doa. Maneno huandikwa kinyumenyume, la sivyo yatasomeka kwa kioo. Rangi zilitiwa kwa mkono, nakala moja moja, ndiyo maana ya rangi iliuzwa ghali kuliko ile tupu. Mlalahoi aliangalia bure dirishani kwa Hannah Humphrey, muuzaji ambaye Gillray aliishi juu ya duka lake.

Hakuna aliyeguswa? Mwaka 1796 Gillray alikamatwa kwa picha iliyosemekana kukufuru. Kesi ikafa, na mwaka uliofuata akaanza kulipwa na serikali, kimyakimya, pauni 200 kwa mwaka. Mwaka 1820 George Cruikshank naye alipewa pauni 100 ili asimchore mfalme mpya vibaya.

Kwa hiyo tusiwasimange wa nyumbani kwa uhuru ambao huku nao ulinunulika. Tofauti ninayoiona ni duka. Humphrey aliuza karatasi moja kwa moja kwa mtazamaji. Mchoraji wetu hutegemea gazeti, na gazeti hutegemea matangazo, ya serikali yakiwemo. Gado, mchora vibonzo Mtanzania, alichorea gazeti la Nation la Nairobi zaidi ya miaka 20, mkataba ukakoma 2016.

Tena sheria ya Uingereza ya mwaka 1735 ilidai sahani iwe na tarehe na jina la mwenye picha. Vibonzo vya nyumbani vinatufikia kwa WhatsApp, saini imekatwa pembeni, na wakataji wengine ni sisi hawahawa wa London.