Deni la Langoni na deni la Leicester

Duka la Ami pale Langoni, Lamu, lilikuwa na daftari moja, jalada limelowa mafuta, penseli imefungwa kwa uzi wa kushonea nyavu. Upepo wa kusi ukichacha, mwezi wa sita na wa saba, mashua ya baba haitoki. Mama akinituma unga na sukari, Ami huandika, hunigeuzia daftari nisome, kisha huniambia: "Mwambie babako, bahari ikitulia." Kilicholipwa kaskazi ikiingia ni kilekile kilichoandikwa.

Hapa Leicester, Uingereza, nina mwaka wa tisa. Nilimnunulia mwanangu jaketi ya baridi kwa mafungu matatu. Nikaugua, fungu la pili likapitiliza siku nne, na faini ikaniingilia kwenye simu saa saba usiku. Nimweleze nani kwamba nilikuwa kitandani? Hii ndiyo riba ya Majahiliya, zama za kabla ya Uislamu: lipa, au deni liongezeke. Al-Baqara, aya ya 280, yamtaka mdai amngoje mwenye dhiki mpaka afarijike, na akimsamehe ni bora zaidi.

Lakini haki isemwe. Huku kilo ni kilo, na nguo isiyokufaa unarudisha, pesa zako unapewa. Kwetu nimepunjwa samaki na mtu ambaye tumetoka kuswali naye safu moja, na sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo, anaijua kwa moyo. Hilo limeniuma kuliko faini.

Ubaya wa huku ni kwamba kidole kinatangulia nia: unabonyeza simu, umeshanunua. Madrasa tulifundishwa muraqaba, kuishi ukijua kuwa Mwenyezi Mungu anakuona, nami nilidhani ni mambo ya uradi na msala tu. Siku hizi nikitamani kitu naifunika simu mpaka swala inayofuata. Nikishatoa salamu, mara nyingi hata sikikumbuki.

Ramadhani iliyopita nilikuja nyumbani. Daftari sasa analo mwanawe Ami, lakini vijana hawakopi kwake, wanaona haya kuandikwa. Wanakopa kwenye simu, wanalipa mkopo kwa mkopo. Mpwa wangu, mvuvi, alikuwa akidaiwa na programu tatu. Nimezilipa mimi, tukaandikiana mbele ya mashahidi kama aya ya 282 ya Al-Baqara inavyoagiza, naye atanirudishia kaskazi ikianza, shilingi kwa shilingi.